Karabai na Mbalamwezi: Kwa Nini Nataka Majilio Yabaki na Giza Lake

Mtu akisimama usiku kwenye vilima vya Kigoma na kutazama ziwani katika siku za giza, ataona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa juu ya maji kuelekea upande wa Kongo, nyingi na zilizosogeleana kiasi kwamba mgeni aliyeshuka kwenye treni siku hiyohiyo anaweza kuuliza ule ni mji gani. Akirudi kusimama palepale baada ya wiki mbili, mwezi ukiwa umejaa na maji yaking'aa kama bati jipya, hataona hata taa moja, kwa sababu siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hubaki nyumbani, wakashona nyavu, wakacheza na watoto wao, wakagombana na wanaowadai.

Utotoni jambo hili lilinishangaza. Niliwahi kumuuliza baba yangu mdogo, aliyevua dagaa katika mwalo wa Katonga karibu maisha yake yote, kwa nini hawaendi kazini usiku ule ambao kila kitu kinaonekana. Alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye wavu aliokuwa akiushona: "Mwanangu, kama kila kitu kinaonekana, dagaa atafuata nini kwenye taa yangu?" Baada ya miaka mingi, na Dominika nyingi za Desemba nikiwa kwenye benchi la kanisa, nilikuja kutambua kwamba sijapata kupewa fundisho la Majilio, zile wiki za kuingojea Noeli, lililo zuri kuliko hilo, ingawa mwenyewe alikuwa akizungumzia karabai tu, taa yake ya kuvulia.

Nasema hivyo kwa sababu kila mwaka, kabla Novemba haijaisha, sisi Wakristo wa mji huu tunafanya kile ambacho hakuna mvuvi wa Katonga wala Kibirizi angekifanya: tunawasha taa ya Noeli wakati wa mbalamwezi. Katika maduka ya mtaa wa Mwanga miti ya plastiki inasimamishwa ikiwa imepambwa kwa pamba inayojifanya theluji, huku muuzaji anajipepea kwa kipande cha boksi. Vipaza sauti vinatangaza kwamba Mtoto amezaliwa, siku 30 kabla ya kuzaliwa kwake. Ofisini mtu anachangishwa kwa ajili ya "Krismasi ya wafanyakazi" itakayofanyika tarehe 5 Desemba. Mwaka mmoja, katika kanisa ambalo sitalitaja, niliisikia kwaya ikiimba wimbo wa wachungaji na hori katika Dominika ya pili ya Majilio, waumini wakapiga makofi na vigelegele, na padre aliyekuwa amevaa zambarau akasimama altareni kama mtu aliyekosea mlango. Ifikapo tarehe 25 sote tumekwisha kuishiba sikukuu, na taa yake haiwezi tena kumwita mtu yeyote.

Majilio ni nini hasa? Neno lenyewe limechaguliwa kwa uangalifu mkubwa kuliko tunavyolitumia. Waliotutafsiria liturujia wangeweza kuridhika na "kuja" au "ujio", lakini walichukua neno lililojengwa juu ya kitenzi "kujilia", yaani kuja kwa ajili ya mtu au kwa ajili ya jambo fulani. Anayekuja tu anaweza kuwa mpita njia, bali anayekujilia amekukusudia wewe. Kilatini kina neno "adventus", ambalo Warumi walilitumia pia kwa kuingia kwa mfalme mjini, na hapo nadhani Mtanzania hahitaji kufafanuliwa zaidi. Tunajua kiongozi mkubwa anapotarajiwa jinsi barabara inavyochongwa kwa haraka, mawe ya pembeni yanavyopakwa chokaa na mashimo ya miaka mitatu yanavyofukiwa kwa siku mbili. Yohane Mbatizaji, ambaye ndiye msemaji mkuu wa Dominika ya pili na ya tatu, anatumia picha hiyohiyo aliyoirithi kutoka kwa nabii Isaya, ya mabonde kujazwa na njia zilizopotoka kunyoshwa. Tofauti ni kwamba Yohane hakuzungumzia kifusi kinachoondoka na mvua ya kwanza baada ya msafara kupita.

Kalenda ya kipindi hiki nayo ina jambo linalonifurahisha mimi mtu wa ziwani. Dominika ya kwanza ya Majilio, ambayo ndiyo inayofungua mwaka mpya wa Kanisa, ni ile iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, kwa hiyo haiwezi kutangulia Novemba 27 wala kupita Desemba 3. Tarehe 30 Novemba ni sikukuu ya Mtume Andrea, na Andrea alikuwa mvuvi. Sidai kwamba waliopanga kalenda walikusudia kutuambia kitu kwa hilo, lakini hakuna anayenizuia kufurahi kwamba mwaka wa Kanisa unapimwa kwa kumtazama mtu wa nyavu. Urefu wa kipindi hubadilika kufuatana na siku ambayo Noeli itaangukia: ikiwa Jumapili, kama mwaka 2022, Majilio huwa na siku 28 kamili, ikiwa Jumatatu, kama mwaka 2023, huwa na siku 22 tu, na Dominika ya nne inakutana na mkesha wenyewe wa Noeli.

Historia yake inaonyesha kwamba watangulizi wetu hawakuiona Desemba kuwa mwezi wa karamu. Katika karne ya 5 Askofu Perpetuus wa Tours, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, aliagiza waumini wafunge siku tatu za wiki tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino, Novemba 11, hadi Noeli, na mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Mâcon mwishoni mwa karne ya 6 ukaifanya desturi hiyo kuwa sheria ya mahali pale. Kupungua hadi Dominika nne za sasa kwa kawaida huhusishwa na Papa Gregori Mkuu. Waorthodoksi bado wana mfungo wa siku 40 kabla ya Noeli, na wakisikia sisi tunavyolalamikia wiki nne watatucheka.

Lakini kinachonivutia zaidi ni kile ambacho liturujia yetu inakiondoa katika wiki hizo. Wimbo wa Utukufu hauimbwi Dominika. Maua yanatakiwa kuwekwa kwa kiasi, kinanda kipigwe kwa kiasi, na padre anavaa zambarau, isipokuwa Dominika ya tatu ambapo rangi ya waridi inaruhusiwa ili watu wavute pumzi. Wengi wetu tumefundishwa kwamba hii ni Kwaresima ndogo, na nadhani hapo katekesi yetu imeteleza, kwa sababu katika Kwaresima tunanyamazisha Aleluya, ilhali katika Majilio Aleluya inaendelea kuimbwa. Kwa nini basi Utukufu tu ndio unaowekwa pembeni? Jibu limo ndani ya wimbo wenyewe. Maneno yake ya kwanza ni ya malaika waliowatokea wachungaji usiku wa Bethlehemu. Kanisa halijauficha kwa sababu ya huzuni. Limeuhifadhi kwa ajili ya usiku wake, ili siku ile unapolipuka na kengele zote, sikio liwe limeukosa kwa wiki nne na litambue kwamba kuna kitu kimerudi. Hiyo ni akili ya mvuvi: karabai imo mtumbwini, mafuta yamo, utambi upo, lakini haiwashwi kabla ya kufika kwenye maji yenyewe.

Kuna anayeweza kusema kwamba habari hizi za giza na nuru ni za Ulaya, na ana haki ya kusema hivyo. Kule Desemba ni mwezi ambao jua linakimbia, na mshumaa una kazi hata saa kumi alasiri. Kuanzia Desemba 17 hadi 23, katika Masifu ya Jioni, yaani sala yake ya jioni, Kanisa huimba antifona (viitikio vifupi) saba za kale zinazoanza na "Ee", zikimwita Kristo kwa majina ya Hekima, Adonai, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa na Emanueli. Herufi za kwanza za majina hayo kwa Kilatini zikisomwa kutoka mwisho kurudi mwanzo hutoa maneno yenye maana ya "kesho nitakuwepo", fumbo ambalo wamonaki wa zamani bila shaka walilifurahia kuliko walivyokiri. Antifona ya Mapambazuko inaangukia Desemba 21, na huko kaskazini siku hiyo ndiyo yenye usiku mrefu kuliko zote za mwaka, au inapakana nayo. Kwetu Kigoma, takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, Desemba 21 ni miongoni mwa siku zenye mchana mrefu zaidi, ingawa tofauti kati ya mchana wetu mrefu na mfupi haifiki hata saa moja. Jua halitukimbii. Mvua zimekolea, mahindi na maharage ya Kasulu yamekwisha kuota, na maembe ya Ujiji yanaanguka yenyewe. Ukimwambia mtu wa Buha, nchi hii ya Waha, kwamba Desemba ni mwezi wa kifo cha maumbile, atakutazama kwa huruma.

Hata hivyo hatuhitaji kuazima giza la watu wengine, kwa maana tunalo letu, na kwa maoni yangu lina mafundisho mengi kuliko lile la baridi. Kwa mtu wa kaskazini giza ni adui wa kuvumiliwa hadi lishindwe. Kwa mvuvi wa dagaa giza ni wakati wa kazi. Analisubiri, analihesabia siku, na mwezi ukianza kuchelewa kuchomoza anatengeneza chombo chake kwa furaha, kwa sababu anajua kwamba taa ni kitu cha maana pale tu inapokuwa peke yake. Giza la Majilio si balaa la kufukuzwa kwa taa za rangi za kumetameta. Ni nafasi inayoachwa wazi kwa makusudi: kukiri kwamba kuna haki ambayo haijaja, kuna mgonjwa nyumbani ambaye hajapona, kuna mtu tuliyemkosea na hatujamwendea, na kwamba dunia hii bado haijawa kama ilivyoahidiwa. Ndiyo maana hadi Desemba 16 masomo hayazungumzii hori hata kidogo, bali kurudi kwa Bwana mwishoni mwa nyakati. Bethlehemu inaanza kukaribia tarehe 17. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, katika karne ya 12, alihesabu majilio matatu: lile la kwanza katika mwili, lile la mwisho katika utukufu, na kati yake moja la siri, Bwana anapoujia moyo wa mtu leo. Sisi tumebaki na moja tu, tena tumelifanyia haraka.

Na mvuvi hangoji akiwa amekunja mikono. Nimewahi kupelekwa ziwani usiku mara mbili tu, na mara zote nilitapika, lakini niliona vya kutosha. Karabai ya zamani ilitaka kupigwa pampu kila mara, na hizi taa za betri za siku hizi nazo zinataka mtu wa kuangalia waya zisiguse maji. Maji yaliyoingia mtumbwini yanachotwa, upepo unasikilizwa, na macho hayaondoki pale chini ya taa ambapo maji yanabadilika rangi kidogo dagaa wanapoanza kukusanyika. Hakuna anayeweza kuwaharakisha. Atakayeinua wavu mapema ataambulia maji, na aliyelala atakuta wamepita. Mwaka huu wa 2026 Dominika ya kwanza ya Majilio ni Novemba 29, na Injili itakayosomwa ni ile ya Marko kuhusu mwenye nyumba aliyesafiri akamwacha bawabu akeshe, bila kumwambia kama atarudi jioni, usiku wa manane, jogoo anapowika au asubuhi. Wahubiri wengi huigeuza Injili hiyo kuwa tishio. Nadhani wangewahi kukesha chini ya karabai wangesikia ndani yake sauti nyingine kabisa, ya mtu anayewajua watu wa kazi za usiku na zamu zao.

Sasa niseme kidogo juu ya taji la Majilio, kwa sababu kila mwaka ubishi wake unarudi. Mishumaa minne juu ya duara la majani si agizo la mitume wala la mtaguso wowote. Desturi hiyo ilianza Hamburg mwaka 1839, na aliyeianzisha ni mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini. Watoto walimchosha kwa kuuliza kila siku kama Noeli imefika, naye akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa 4 mikubwa ya Dominika na midogo 20 ya siku nyingine, wakawa wanawasha mmoja kila siku. Wakatoliki tuliipokea baadaye, katika karne ya 20, na leo tunawafundisha watoto kana kwamba ni yetu tangu zamani. Ninaipenda historia hii kwa sababu gurudumu lile lilikuwa chombo cha kuchelewesha. Wichern hakuwapa watoto Noeli mapema ili wanyamaze. Aliwapa namna ya kuhesabu.

Katika jumuiya yetu tulijaribu mwaka mmoja kulitengeneza kwa majani ya mchikichi, kwa kuwa misonobari haioti mlangoni kwa mtu hapa Kigoma na michikichi imejaa. Mama mmoja mzee akatuzuia akisema kwamba makuti ni ya Dominika ya Matawi na hatuwezi kumpokea Bwana kwa majani ya kumpeleka msalabani. Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu. Tuliishia kutumia mvinje, na mafuta ya mawese katika vibakuli vinne badala ya mishumaa ya dukani. Yalitoa moshi mwingi, lakini watoto hawajasahau.

Wakati mwingine nadhani majirani zetu Waislamu wa Ujiji wanaijua nidhamu hii kuliko sisi. Sijapata kuona nyumba ya Ujiji inayopika pilau ya Idd tarehe 15 Ramadhani kwa hoja kwamba siku ile kutakuwa na msongamano. Siku za mwisho wanatoka kuutazama mwezi, na usipoandama wanafunga siku moja zaidi, na mtoto wa miaka minane anaelewa kwamba nguo mpya itavaliwa kesho kutwa. Sikukuu inapofika inapokewa na watu wenye njaa nayo.

Hata taifa letu liliwahi kulielewa jambo hili, tena katika Majilio. Uhuru wa Tanganyika ulipatikana Desemba 9, 1961, siku ya Jumamosi, na kesho yake ilikuwa Dominika ya pili ya Majilio. Usiku wa manane uwanjani Dar es Salaam taa zilizimwa kwanza, na ziliporudi watu waliiona bendera mpya ikiwa juu, huku Mwenge ukiwashwa kileleni Kilimanjaro. Mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama. Kwa wavuvi wa ziwa letu ulikuwa usiku wa kazi. Mtu fulani aliyepanga sherehe ile alijua kwamba bendera ingepandishwa kwenye mwanga wa kawaida watu wangepiga makofi, lakini wasingeshusha pumzi.

Nakubali kwamba wapo wenye hoja nzito dhidi yangu. Kijana anayefanya kazi Dar es Salaam anapata likizo ya siku kumi, anapanda treni hadi huku, na kama harusi ya dada yake haifungwi Desemba basi haitamwona. Mtaguso wa Trento, uliokamilika mwaka 1563, ulikataza sherehe za arusi tangu Majilio hadi Epifania, lakini mababa wale hawakuwa na watoto wanaorudi mzigoni tarehe 2 Januari. Sitaki kumnyima mtu huyo arusi. Wala siwaambii wanakwaya wasifanye mazoezi ya nyimbo za Noeli, maana wimbo wa sauti nne haujifunzwi usiku mmoja. Wafanye Jumatano jioni, milango ikiwa imefungwa ikibidi. Ninachokataa ni kuuleta wimbo huo kwenye Misa ya Dominika kwa kisingizio kwamba "watu wanaupenda". Wanaupenda, ndiyo. Embe bichi na chumvi nalo tunalipenda, lakini hakuna anayelila akidai kwamba ni bivu.

Tena hasara ya haraka hii inaonekana vizuri zaidi baada ya Noeli. Kanisa linaanza kusherehekea tarehe 25 na kuendelea hadi Ubatizo wa Bwana katika Januari. Sisi ndio kwanza tunafunga. Tarehe 26 mti umekwisha kuvuliwa pamba yake, tarehe 27 tunahesabu madeni, na ikifika Epifania mamajusi wanakuta pango limebomolewa na mazungumzo yote ni ada za shule. Tulikuwa na furaha ya siku 30 bila mwenyewe, na mwenyewe amekuja tumechoka.

Nimeangalia kalenda ya mwezi kwa mwaka huu. Mwezi ulijaa Novemba 24, siku tano kabla ya kuwasha mshumaa wa kwanza. Siku tunapowasha wa pili, Desemba 6, giza litakuwa limekolea, na kati ya hapo na Dominika ya tatu taa zitakuwa nyingi ziwani kuliko madukani. Kisha mwezi utaanza kukua, na utajaa tena Desemba 24. Usiku wa mkesha wa Noeli hakutakuwa na karabai hata moja juu ya Tanganyika, kwa hiyo wavuvi wote wa Katonga na Kibirizi watakuwa nchi kavu, na wale wa kwetu watapanda kilima kuja Misa ya usiku wakiwa wanaiona njia bila tochi.